Kitalu na Ngitili: Nani Mwenye Kauli ya Kugawa Ardhi?

Wazee wetu wa pwani na visiwani walipotaja kitalu walikusudia ukuta wa mawe uliozungushiwa kiwanja au bustani. Baadaye neno likatoka ukutani likaingia ndani ya eneo lililozungushiwa, na leo kitalu ni kipande cha kuoteshea mboga na miche. Katika lugha ya Serikali neno hilohilo hutumika kwa eneo la kuwindia wanyama au la kuchimbia madini. Huko bara, katika ukanda wa dhahabu uliopo baina ya Geita na Kahama, kitalu cha mboga na kitalu cha madini ni majirani, na atafutaye cha kwanza aghalabu hukuta cha pili kimemtangulia.

Nyahanga ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga. Kahama ni mji uliokua kwa pamba, kwa mpunga, kwa barabara iendayo Rwanda na Burundi, na kwa dhahabu. Mwaka 2021 ulipandishwa hadhi kuwa manispaa. Mtu asafiriye kutoka Shinyanga kwenda huko hupita nyanda pana, na huenda akashangaa kuambiwa kwamba ardhi ni haba. Lakini na aulize swali dogo: mkaazi wa Nyahanga asiye na shamba la urithi, khasa mwanamke, atakaye kipande cha kuotesha mchicha, matembele na nyanya katika ardhi ya pamoja, aende kwa nani akaombe? Jibu la haraka ni kwamba watu wamekuwa wengi na ardhi ni ileile. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Historia ya sehemu hizi inaonyesha kwamba kabla ya udongo kupungua alitoweka kwanza mtu wa kuombwa, yaani yule aliyekuwa na kauli ya kutoa pamoja na wajibu wa kumjibu muombaji.

Tuanze na zama za watemi. Miongoni mwa Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi, jina la mtemi husemwa kuwa limetokana na kutema, maana yake kukata na kufyeka pori, kwani mtemi ni mrithi wa yule aliyefungua nchi. Ardhi ilikuwa chini ya dhamana yake. Aliyeigawa siku hata siku ni mwanangwa, mkuu wa eneo dogo ndani ya utemi. Hans Cory, aliyeandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na R. G. Abrahams, aliyechapisha mwaka 1967 uchunguzi wake juu ya utawala wa Unyamwezi alioufanyia sehemu za Kahama, wote wawili wanatuonyesha jamii ambayo mgeni hakununua shamba. Alikwenda kwa mwanangwa, akaonyeshwa mahali, na jembe lake ndilo lililoithibitisha haki yake. Akihama, mahame yake yalirudi mikononi mwa mwanangwa ili apewe mwingine.

Tusiipambe picha hiyo kupita kiasi. Mwanamke alipata ardhi kupitia baba, mume au mtoto wa kiume, na mtemi aliweza kumfukuza asiyemtaka. Hata hivyo, utaratibu ule ulikuwa na tabia moja ambayo zilizofuata hazikuirithi. Nguvu ya mtemi ilikuwa watu. Utemi usio na watu ulirudi kuwa pori, pori likaleta mbung'o, na mbung'o wakaua ng'ombe. Kwa hiyo aliyelinda mlango alikuwa na haja ya kuufungua, na "mgeni njoo, mwenyeji apone" haikuwa adabu tu, ilikuwa siasa ya ardhi.

Pamoja na mashamba, Wasukuma walikuwa na ngitili. Huu ni uzio usio na ukuta. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ikue. Kiangazi kinapokuwa kikali, ngitili hufunguliwa kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofu. Zilikuwepo ngitili za kaya na zilikuwepo za jamii. Ngitili ya jamii ilisimama kwa makubaliano ya majirani, na dagashida, yaani baraza la wazee na wanakijiji, ndiyo iliyowahukumu waliovunja. Hapa tunajifunza jambo la kukumbukwa: ardhi ya wote haimaanishi ardhi iliyo wazi kwa kila mtu kila wakati. Ilihifadhiwa kwa kufungwa, na ilikubalika kufungwa kwa sababu kila mmoja aliijua siku ya kufunguliwa.

Ukoloni ulibadilisha kwanza maandishi, kisha ukabadilisha maisha. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliifanya ardhi isiyokuwa na mwenyewe aliyethibitika kuwa mali ya dola. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 ikaifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana. Mwanangwa aliendelea kugawa kama zamani, lakini sasa juu yake palikuwa na mwenye kauli mkubwa zaidi ambaye mkulima hakuwahi kumuona. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ikawa makao ya uchunguzi wa mbung'o ulioongozwa na Charles Swynnerton, na watu kwa maelfu walitolewa kwenda kufyeka pori. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliolenga kuhamisha watu na mifugo kutoka sehemu zilizojaa kwenda sehemu mpya, Geita ikiwa miongoni mwao. Aliyepewa ardhi alipewa pamoja na masharti ya matuta, ya idadi ya ng'ombe na ya namna ya kulima. Masharti hayo yaliwachosha watu, na kufikia mwaka 1958 Geita ilikuwa imewaka kwa upinzani dhidi ya serikali ya kikoloni.

Uhuru ulirithi kauli ya Gavana na kumuondoa mwanangwa. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria nchini kote. Sababu zilikuwa na uzito: watemi wengi walikuwa wamegeuzwa watumishi wa mkoloni, na taifa changa halikutaka madola madogo ndani ya dola. Lakini kazi ya kugawa ardhi haikukabidhiwa wazi kwa mtu mmoja anayejulikana. Ilisambaa baina ya chama, halmashauri na kamati za vijiji, na kila mmoja akawa na sehemu ya kauli.

Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mkoani Shinyanga operesheni ilishika kasi mwaka 1974. Watu walihamishwa kutoka makaazi yao ya kutawanyika, wakapangwa kwa mistari, kila kaya na kiwanja chake, na kando ya kijiji pakatengwa shamba la wote. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa. Bustani ya jamii, kama tunavyoiita leo, ina mzazi wake hapo. Ila tatizo la wakati ule lilikuwa kinyume cha la leo. Hapakuwa na foleni ya watu wanaoomba nafasi katika shamba la kijiji. Viongozi ndio waliohangaika kuwapata wa kulilima, kwani mavuno yake hayakuwa na mwenyewe wa kuyaonea uchungu. Mkulima alitoa siku zake za kazi huko, akabakisha mapenzi yake kwa kipande kilicho nyuma ya nyumba.

Hasara kubwa zaidi ilizipata ngitili. Waliohamishwa waliziacha nyuma, na mahali walipofikia hapakuwa na jirani wa zamani wa kukubaliana naye. Miti ikaisha kwa kuni na kwa kupanua mashamba ya pamba, na upepo ukachukua udongo. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni wataalamu walihimiza miche ya vitaluni. Baadaye wakasikiliza wenyeji, wakaona kwamba njia ya nafuu ni kurudisha desturi: funga eneo, acha visiki vichipue, ipe dagashida nguvu yake. Mapema katika miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ushindi huo ni wa kweli na unastahili sifa zake. Lakini una upande wa pili ambao haukusimuliwa sana. Ngitili nyingi zilizorudi ni za kaya, na mwenye ardhi kubwa ndiye awezaye kuiweka sehemu yake bila ya kulimwa. Asiye na ziada hakuwa na cha kufunga. Kwa hiyo kadiri nyanda zilivyorudia ukijani, ndivyo baadhi ya watu walivyoona njia walizozoea kupita kutafuta kuni, majani ya paa na mboga za mwituni zikifungwa, safari hii na mwenyewe mmoja anayeamua peke yake siku ya kufungua.

Wakati huohuo sheria nayo ilikuwa ikitafuta mwenye kauli. Tume ya Rais ya masuala ya ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi mwaka 1991 na 1992 kusikiliza malalamiko, mengi yakiwa yametokana na operesheni ya vijiji. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay kutoka mkoa wa Arusha, ikatamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kufutwa bila ya fidia. Ndipo zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Kijijini, halmashauri ya kijiji ilipewa kazi ya kugawa kwa idhini ya mkutano mkuu, na Baraza la Ardhi la Kijiji likawa na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Mwanangwa, tungeweza kusema, amerudi akiwa kamati.

Amerudi kijijini, hakurudi mjini. Hapa ndipo Nyahanga inapoingia kwa namna yake. Sheria inaigawa ardhi ya Tanzania Bara katika mafungu matatu: ya kijiji, ya hifadhi na ya jumla. Mji unapopanuka na kukimeza kijiji, ardhi yake huwa ya jumla, na halmashauri ya kijiji huondoka pamoja na kauli yake. Mahali pake huja serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani amefiwa na nani ana mgonjwa, na mhuri wake hugongwa katika hati za mauziano, lakini sheria haikumpa uwezo wa kugawa ardhi. Mwenye uwezo huo yuko manispaa, na lugha yake ni ramani, upimaji na malipo. Anamuuzia mtu kiwanja cha nyumba. Kipande cha kulimia mchicha kwa misimu miwili mitatu hakimo katika orodha yake ya kawaida.

Tena, mji haukukataza kilimo moja kwa moja. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliruhusu mtu kulima mpaka eka tatu. Kikwazo kiko penginepo. Bustani hutaka maji, na maji yako mabondeni. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Sababu yake ni njema, yaani kulinda vyanzo vya maji. Matokeo yake ni kwamba pale mboga zinapostawi ndipo mkulima anapokuwa mvunja sheria. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yalifika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, faraja kubwa kwa mji wenye kiu, lakini maji ya bomba hupita kwenye mita, na fungu la mchicha halihimili ankara.

Na dhahabu? Sheria ya madini hutenganisha juu na chini: anayelima juu hana haki ya kilichomo chini. Mwaka 1994 kampuni yenye asili ya Kanada ilipata leseni ya Bulyanhulu, na mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu, pamoja na waliowauzia chakula, waliondolewa. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2001. Karibu zaidi na mji wa Kahama, mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009, na waliolima pale walilipwa fidia wakahama. Kata inayopakana nao inaitwa Mwendakulima, jina ambalo sikio la Kiswahili haliwezi kulisikia bila ya kutafakari. Buzwagi ilimaliza uzalishaji mwaka 2021. Eneo lake likapangiwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, lenye viwanda na maghala. Ajira ni jambo jema. Lakini tuone: ardhi ilitoka jembeni ikaenda kwenye dhahabu, na dhahabu ilipokwisha, haikurudi jembeni.

Limebaki suala la mwanamke, ambaye ndiye mkulima mkuu wa bustani za mboga. Katika tangazo la Serikali la mwaka 1963 lililoziandika mila za urithi za makabila mengi ya Tanganyika, mjane hakupewa fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo; fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu mashuhuri katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera, kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Sheria ya vijiji ya 1999 ikafuata kwa kuibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata hivyo, wajane wawili wa Kisukuma wa mkoa wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba za waume zao waliokufa, walipoupeleka utaratibu wa urithi mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikatamka kwamba haki zao zilikiukwa. Mjane wa namna hiyo ndiye anayehamia mjini akatafuta kipande cha kumlisha. Kwake bustani ya jamii si anasa ya wenye nafasi. Ni mlango wa mwisho baada ya milango ya ukoo kufungwa.

Msomaji wa Unguja na Pemba asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Baada ya Mapinduzi, ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ya Serikali, na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Kwa wengi waliokuwa maskwota ilikuwa mara ya kwanza kulima bila ya kumuomba mwenye shamba. Lakini idadi ya eka haikuzaa, watu walizaa, na wajukuu wa waliogaiwa leo wanatazamana juu ya tatu zilezile. Kwa upande mwengine, katika ardhi ya maweni ya mashariki ya Unguja, ilikuwa desturi mwanamji kuonyeshwa na wazee pahala pa kulima kwa kuwa ni wa mji ule, na akishaacha kulima pahala pale kurudi kwa mji. Mpango wa kwanza ulimpa mtu kipande cha kudumu ukamaliza mgao. Wa pili ulimpa matumizi ukaubakisha mgao hai. Mwanangwa wa Usukuma na wazee wa maweni hawakuwahi kukutana, lakini walifanya kazi moja.

Ikiwa historia hii ina funzo kwa Nyahanga na kwa miji yetu mingine, basi ni kuhusu kazi hiyo. Bustani ya jamii haihitaji hati ya miaka 99. Inahitaji mambo matatu ambayo jamii hizi ziliyajua: mtu au baraza la karibu lenye uwezo wa kisheria wa kutoa kipande, muda unaojulikana wa kukitumia, na kanuni kwamba kilichoachwa kinarudi ili apewe anayesubiri. Serikali ya mtaa inaweza kupewa uwezo huo kwa kifungu kimoja cha sheria. Daftari lake linaweza kuwa la wazi, jina la mjane likaandikwa kwa zamu yake kama jina la mwengine. Viwanja vya wazi visivyojengwa na viunga vya majengo ya umma vinaweza kuwa vitalu kwa misimu, hata kama baadaye vitajengwa. Hekta chache katika eneo lililokuwa la Buzwagi zinaweza kutengwa kabla ramani haijajaa viwanda.

Hayo hayatazidisha ardhi ya Kahama. Yatamfanya atafutaye kitalu ajue mlango wa kubisha, na yatamfanya aliye ndani ya mlango huo awajibike kujibu.